Besi Iko Wapi? Watu Wanne Katika Nafasi Moja ya Metallica

Kijana aliweka kiganja juu ya koni ya spika, akakiacha hapo kwa muda, kisha akanigeukia.

"Kaka, hii sabufa imekufa?"

Haikuwa imekufa. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeijaribu kwa rumba ya zamani na mabati ya banda yakaitikia. Nilichofanya ni kubadilisha muziki tu. Nilikuwa nimeweka "Blackened", wimbo unaofungua ...And Justice for All, albamu ya 1988 ya Metallica, bendi ya rok nzito ya Marekani. Gitaa zikaingia kavu, zimenyooka. Ngoma za Lars Ulrich zikagonga. Na sabufa, kweli, ikatulia. Ukiiwekea mkono unasikia teke la dramu, basi.

Kijana huyu anapiga besi kwenye kwaya ya kanisani kwao, na tukipata kazi ya harusi huja kunisaidia kubeba na kufunga vyombo. Metallica anaijua kwa vipande vya video kwenye simu, hasa vile vya Robert Trujillo, mpiga besi wao wa sasa, akitambaa jukwaani kakunja magoti, besi ikikaribia kugusa sakafu. Nikamweleza kwamba albamu ile ndivyo ilivyo, besi ilishushwa mpaka haisikiki, na kwamba aliyepiga mle si Trujillo. Ni Jason Newsted, aliyemtangulia.

"Kwa hiyo alipiga, halafu wakamzima?"

"Ndiyo."

"Sasa tunajuaje kama alikuwa anaweza?"

Swali hilo limenikaa kichwani wiki nyingi sasa. Nimeendesha nalo gari, nimekaa nalo nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, kwaya ikiimba, nimeamka nalo usiku nikaenda kutafuta hedifoni.

Kila mpenzi wa Metallica ana orodha yake ya wapiga besi, na orodha hizo zinafanana mno. Cliff Burton juu kabisa, hagusiki. Trujillo wa pili. Newsted wa tatu, tena kwa kusitasita. Ron McGovney hata hatajwi. Orodha hiyo nimeitetea mwenyewe kwenye vijiwe kwa sauti kubwa. Lakini kazi yangu ni mitambo ya sauti, na kila Jumamosi naona mpiga ala anavyosikika kwa kiwango alichoruhusiwa na mtu aliyekaa mezani. Sasa hapo tumekuwa tukipanga nini hasa? Mikono ya watu wanne, au nafasi waliyopewa?

## Ron, mwenye nyumba

Ron McGovney alikuwa rafiki wa James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, tangu shuleni. Bendi ilipokuwa haina kitu, wawili hao walikaa kwenye nyumba ya wazazi wa Ron huko Norwalk, California, na gereji ya nyumba hiyo ndiyo ikawa chumba cha mazoezi. Usafiri wa kwenda San Francisco kupiga shoo ulikuwa juu yake. Hetfield ndiye aliyemwonyesha nini cha kupiga, na besi unayoisikia kwenye No Life 'til Leather, ule mkanda wa majaribio wa 1982 uliowatambulisha kwa wasikilizaji wa mwanzo, ni ya Ron.

Anayepiga kwenye bendi changa anamjua mtu wa namna hii. Ndiye mwenye gari, ndiye mwenye sehemu ya kufanyia mazoezi, ndiye anayelipa mafuta, na ndiye anayesemwa akishatoka chumbani. Mpiga gitaa Dave Mustaine, aliyekuwa bado kwenye bendi wakati huo, alimmwagia bia kwenye besi yake. Kufikia mwisho wa 1982 Ron alikuwa ameondoka, na wenzake walikuwa wameshamwona mtu mwingine.

Sidai kwamba alikuwa fundi mkubwa. Nasema tu kwamba kazi aliyopewa haikuwa ya kupiga besi peke yake, na sehemu ile nyingine ya kazi aliifanya vizuri.

## Cliff, aliyekuja na masharti

Mtu mwingine huyo walimwona kwenye ukumbi wa Whisky a Go Go, Los Angeles, akipiga na bendi yake iliyoitwa Trauma. Hetfield na Ulrich walisikia solo inapanda wakaanza kumtafuta kwa macho mpiga gitaa. Kumbe ilikuwa besi, imepitishwa kwenye pedali ya wawa, mikononi mwa kijana mwenye nywele ndefu aliyevaa bugaluu miaka ile ambayo bugaluu zilikuwa zimeshatupwa.

Wakamwomba ajiunge nao. Cliff akawaambia kwamba Los Angeles haendi. Kama wanamtaka, wahamie kwao, San Francisco na vitongoji vyake.

Wakahama.

Kipande hiki huwa tunakisimulia haraka ili tufike kwenye muziki, na mimi naona ndicho kinachoeleza muziki wenyewe. Bendi nzima ilifungasha virago kumfuata mpiga besi. Kabla hajapiga noti moja nao, kila mmoja mle ndani alikuwa ameshajua uzito wake. Ndiyo maana 1983, kwenye albamu yao ya kwanza kabisa, kuna wimbo ambao ni besi yake peke yake, ngoma zikija kuungana naye baadaye, na mwanzoni kuna sauti inayotangaza kwamba hii ni solo ya besi. Bendi ya vijana wenye haraka, wanaotaka kupiga kwa kasi kuliko wote, inasimama kumpisha mpiga besi. Huo si utaratibu wa kawaida. Kwenye rok nyingi, kama ilivyo kwenye dansi letu, anayepishwa ni wa solo.

Kisha kuna mwanzo wa "For Whom the Bell Tolls", wa 1984. Kengele inagonga, halafu kinaingia kifungu kinachokwaruza, kinapanda na kushuka kwa hatua ndogo ndogo, kinanguruma kama kimeudhiwa. Niliishi miaka mingi nikiamini kile ni gitaa la Kirk Hammett, na nimekutana na watu wengi walioamini hivyo hivyo. Ni besi ya Cliff, na kifungu chenyewe alikuwa nacho tangu kabla ya kujiunga na Metallica.

Ila "Orion" ndiyo inayonimaliza. Ipo kwenye Master of Puppets ya 1986, haina maneno hata moja. Katikati vyombo vinanyamaza, besi inabaki peke yake, inaanza kuzunguka taratibu, duara la noti chache. Gitaa zinakuja kuketi juu yake moja moja. Sikiliza pale kwa hedifoni nzuri utasikia vidole, ule mguso laini wa nyama ya kidole kwenye uzi mnene, hakuna piki, kile kibapa cha kupigia nyuzi. Kijana wa miaka 23 aliyempenda mtunzi Bach na kuwafundisha wenzake namna sauti mbili zinavyoweza kutembea pamoja bila kukanyagana.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 1986, baada ya shoo ya Stockholm, basi la bendi lilipinduka karibu na Ljungby, Sweden. Yeye ndiye aliyekufa. Kitanda alichokuwa amelalia alikipata kwa kuvuta karata na Hammett.

Baada ya hapo kulinganisha kunakuwa kugumu, na ugumu wenyewe ni wa kibinadamu kabla ya kuwa wa kimuziki.

Marehemu hana mabaya. Cliff ameacha albamu tatu, zote nzuri, zote za ujana. Hatukumsikia akichoka. Hatukumsikia miaka ya tisini, bendi ilipokata nywele na kupunguza kasi. Hatujui angesema nini Ulrich alipotaka nyimbo ziwe fupi. Kila albamu ambayo hakupiga tunamjazia sisi, kwa jinsi tunavyotaka awe. Na nikiwa mkweli kwa masikio yangu, hata kwenye Master of Puppets, nyimbo za kasi zikiwaka, besi yake nyingi imefunikwa na gitaa za Hetfield. Weka "Battery" ujaribu kuifuata besi peke yake kuanzia pale kasi inapoanza. Utaikamata, utaipoteza, utaikamata tena. Tunamsikia Cliff vizuri kwa sababu nyimbo zilimwachia milango, na milango hiyo wengine waliijenga pamoja naye.

## Jason, aliyeingia matanga hayajaanuliwa

Newsted alichukuliwa mwishoni mwa Oktoba 1986. Cliff alikuwa amekufa mwezi mmoja tu uliopita. Tarehe 8 Novemba Jason alikuwa jukwaani Reseda, California, na kabla mwezi haujaisha wako Japani.

Alitoka Flotsam and Jetsam, bendi ya Phoenix, Arizona, ambako aliandika mashairi mengi na alikuwa kama nahodha. Metallica ndiyo bendi aliyoipenda kuliko zote duniani. Siku ya majaribio, walipotaka kujua anaweza kupiga nyimbo zao zipi, alikuwa amejifunza zote.

Akaolewa kwenye nyumba ambayo picha ya marehemu ilikuwa bado ukutani, na kila akiinua macho anaiona.

Wazazi wa Cliff walimpokea vizuri, na mama mtu alimkumbatia. Wanabendi ndio waliomfanyia visa. Vinywaji vyao waliviandikisha kwenye chumba chake hotelini, walimtania mpaka utani ukawa adhabu. Miaka mingi baadaye walikiri wenyewe kwamba msiba hawakuulia, wakaendelea na safari, na hasira zote zikamwangukia aliyekuwa karibu. Sina moyo wa kuwalaani. Walikuwa vijana wa miaka 22, 23, wamempoteza ndugu yao barabarani, na kabla miezi miwili haijaisha wanapiga kelele mbele ya maelfu ya watu. Lakini aliyelipa ni Jason.

Ndipo tunafika kwenye albamu ile iliyomfanya kijana wangu adhani sabufa imekufa.

Jason alirekodi besi yake akiwa na fundi msaidizi tu. Prodyuza hayupo, Hetfield hayupo, Ulrich hayupo. Fikiria hilo. Albamu yako ya kwanza kamili na bendi unayoiabudu, na hakuna anayekaa chumbani kukuambia hapa legeza, hapa kaza, hapa iachie ngoma ipumue. Akafanya alichojua: akafuata gitaa la Hetfield noti kwa noti, kwa piki, kwa kasi ile ile.

Kuchanganya sauti kulifanyika Bearsville, New York, huku bendi ikiwa kwenye ziara ya Monsters of Rock na Hetfield na Ulrich wakija na kuondoka kwa ndege, masikio yamechoka na kelele za viwanjani. Steve Thompson, mmoja wa waliochanganya, amesimulia kwamba Ulrich alitaka besi ishushwe mpaka isikike kwa shida, na ilipofika hapo akataka ishushwe tena. Hetfield kwa upande wake amewahi kueleza kwamba gitaa zake zilikuwa zimejaa sauti za chini kiasi kwamba besi ikakosa pa kukaa.

Kwa muda mrefu maelezo ya Hetfield niliyaona ni kisingizio cha mkubwa. Sasa sina uhakika tena.

## Nilipoisikiliza peke yake

Mwaka 2009 ulitoka mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero uliojaa nyimbo za Metallica, na kwa kuwa mchezo unahitaji kila ala kwenye njia yake, watu walifanikiwa kuzitoa sauti moja moja. Hapo ndipo wengi walipoisikia besi ya Justice ikiwa uchi. Ya "Dyers Eve" niliisikiliza usiku mmoja wakati swali la yule kijana linanisumbua, taa zimezimwa, hedifoni masikioni.

Kwanza nikapata jibu la swali lake. Ndiyo, alikuwa anaweza. Mkono wa kulia haupotezi hata pigo moja, kwa kasi ambayo wapiga besi wengi wangeomba poo. Kila noti ina ncha, ina chuma ndani yake, na mwisho wa kila kifungu anasimama pale pale dramu inaposimama.

Kisha nikainua hedifoni kidogo, nikakaa nikifikiri kama fundi mitambo.

Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi unatoa takriban mizunguko 41 kwa sekunde, na ule mnene wa gitaa takriban 82. Wakipiga noti ile ile, gitaa linakaa ghorofa moja juu ya besi, na besi inakuwa nguzo chini yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini Hetfield kwenye albamu ile alikuwa ameng'oa sauti za kati kwenye gitaa lake na kujaza za chini. Amezirekodi gitaa hizo kwa tabaka. Chini kabisa pana teke la dramu la Ulrich. Na Jason anapiga rifu ile ile, yaani kifungu kile kile cha gitaa kinachojirudia, kwa piki, na piki inaipa besi ncha kali ambayo nayo inakwenda kugombana na gitaa kwa juu. Kwa hiyo hata ungeipandisha besi ile, na mashabiki wameshafanya hivyo mara nyingi kwa matoleo yao ya mtandaoni, unapata ukuta mnene zaidi. Unapata wimbo mzuri zaidi, hilo sibishi. Lakini humpati mpiga besi wa pili anayeongea lugha yake mwenyewe.

Hapo nikasimama kwa muda mrefu, kwa sababu hoja yangu ilikuwa imeanza kuyumba. Nilitaka kusema kwamba Jason alizimwa na mikisa, kwisha. Lakini kuna uzimwaji uliotangulia mikisa. Alifundishwa kujificha nyuma ya gitaa, au tuseme hakuna aliyekaa chumbani kumwambia kwamba anaruhusiwa kutoka. Cliff alitoka kwa sababu alikuja na masharti yake. Jason alikuja na shukrani, na mtu aliyeingia kwa shukrani haombi nafasi.

Na uthibitisho kwamba alikuwa na zaidi upo. Prodyuza Bob Rock alipochukua usukani wa albamu ya 1991, ile nyeusi, alimsukuma aache kukimbizana na gitaa, akae na ngoma. Besi ikarudi duniani. "Sad but True" ikifunguliwa kwenye spika kubwa, utaisikia tumboni kabla ya masikioni. "My Friend of Misery" inaanza na besi yake, taratibu, ina huzuni, na jina lake limo kwenye watunzi. Lakini kwa miaka 14 jina hilo liliandikwa kwenye nyimbo za bendi mara chache sana, zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Jukwaani ndipo alipokuwa mwenye nyumba. Tafuta shoo ya Seattle ya 1989, iliyotolewa 1993, usikilize besi ilivyo hai na sauti yake ya kunguruma inavyomwitikia Hetfield. Mtu anayewapanga wapiga besi wa Metallica bila kuhesabu ile sauti ya pili, na ile shingo iliyotikiswa usiku baada ya usiku mpaka ikamwachia maumivu ya kudumu, hajamaliza hesabu. Januari 2001 alipoondoka, majeraha ya mwili aliyataja kama mojawapo ya sababu. Sababu nyingine kila shabiki anaijua: alikuwa na bendi ya pembeni, Echobrain, na Hetfield hakutaka aitolee albamu.

Aliomba mlango mmoja mdogo, nje ya nyumba. Wakaufunga.

## Robert, aliyeingia nyumba ikiwa imevunjika

Kiti kilibaki wazi. Kwenye albamu ya St. Anger ya 2003 besi ilipigwa na Bob Rock mwenyewe, na sioni la kuongeza.

Filamu ya Some Kind of Monster, iliyoifuata bendi miaka hiyo, inaonyesha majaribio ya kumpata mrithi. Wapo wapiga besi wakubwa wanaopita pale na kufanya vizuri. Kisha anakuja Trujillo, aliyekuwa na bendi ya Suicidal Tendencies na baadaye kwa mwimbaji Ozzy Osbourne, na uso wa Hetfield unabadilika. Anapiga kwa vidole, na kwa vidole anaipata kasi ambayo Jason aliipata kwa piki. Wakamwita mezani, wakampa dola milioni moja ya utangulizi.

Tukio hilo watu hulicheka au huliona ni majivuno ya matajiri. Mimi nimelitazama mara nyingi na naona kitu kingine. Hawa ndio watu wale wale waliomwandikishia Jason bili za vinywaji. Wamepita kwenye matibabu, kwenye ugomvi, Hetfield ametoka kutibiwa ulevi, na mtu mpya wa kwanza anayeingia wanamwambia kwanza thamani yake. Robert anakaa kimya, hajui aseme nini.

Mwaka huo huo Jason akaenda kupiga kwa Ozzy. Walibadilishana viti.

Je, Trujillo ni bora kuliko Newsted? Kwa mikono, ndiyo, naamini hivyo. Ana fanki ndani yake, ana mapenzi ya Jaco Pastorius, gwiji wa besi ya jazi, yaliyomfanya atoe fedha zake ili besi maarufu ya Jaco, iliyoibwa zamani, irudi kwenye mamlaka ya familia. Bendi ilianza kuipiga "Orion" nzima jukwaani mwaka 2006, na anapoipiga haiigi, anaihifadhi. Death Magnetic ya 2008 ina jina lake kwenye nyimbo zote, kitu ambacho Jason hakukipata hata kwenye albamu moja. Ametumikia zaidi ya miaka 20, kuliko Cliff na Jason wakijumlishwa.

Na bado, ukiniuliza ni kifungu gani cha besi ya Trujillo ambacho mtu wa mtaani anaweza kukiimba, nitahangaika. Wimbo wa "ManUNkind" unaanza naye vizuri mno, lakini ni utangulizi mfupi kabla gitaa hazijachukua nchi. Death Magnetic yenyewe ilibanwa sauti kwenye hatua za mwisho mpaka ikakwaruza, na besi ikawa miongoni mwa majeruhi. Kwa mara nyingine toleo lililosikika safi zaidi lilikuwa lile la mchezo wa kompyuta. Mpiga besi mwenye uwezo mkubwa, anayependwa, anayelipwa, anayeshirikishwa kwenye utunzi, na nyimbo zenyewe bado zinajengwa kuanzia mkono wa kulia wa Hetfield na miguu ya Ulrich.

Hapo ndipo nilipoacha kuyumba. Visa havikuwa sababu pekee, wala msiba. Robert ametendewa kwa heshima tangu siku ya kwanza, lakini nafasi ya besi ndani ya nyimbo haikurudi pale ilipokuwa 1984. Cliff aliipata kwa sababu alifika wakati bendi haijajua bado itakuwa nini. Waliofuata walikuta nyumba imeshajengwa, wakaonyeshwa chumba.

Kwa hiyo orodha yangu siitetei tena. Nikiulizwa nani alikuwa na mawazo makubwa zaidi ya muziki, nasema Cliff. Nani ana mikono mizuri zaidi, Robert. Nani alibeba zaidi akapewa kidogo zaidi, ni Jason, na kwangu mimi siku hizi hicho ndicho kinachonifanya nirudi kumsikiliza kuliko wengine wote.

## Mikanda ipo

Aprili 2009, Cleveland, bendi ilipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, Jason na Robert walisimama jukwaa moja wakapiga pamoja, na Ray Burton, baba yake Cliff, akapokea tuzo ya mwanawe. Desemba 2011, kwenye shoo za miaka 30 za San Francisco, hata Ron McGovney aliitwa akapiga. Bendi hii imejifunza kuwashukuru watu hadharani, na hilo naliheshimu.

Lakini Justice ilipotolewa upya 2018, ikiwa imesafishwa, besi waliiacha pale pale. Msimamo wao ni kwamba albamu ni kumbukumbu ya walivyokuwa wakati ule na haifai kuguswa. Msimamo huo naufahamu, na kwa toleo la asili naukubali. Sitaki mtu aguse "Blackened" ile niliyokua nayo, kavu kama ilivyo.

Ninachotaka ni toleo la pili liwekwe kando yake. Besi ipo, tumeshaisikia. Flemming Rasmussen, prodyuza wa albamu hiyo, yu miongoni mwa wachache waliosikia njia zote za Jason zikiwa kamili, na amesema ni kazi nzuri sana. Walete mtu mwenye masikio yaliyopumzika, ashushe sauti za chini za gitaa kidogo ili besi ipate pa kukaa, apandishe njia moja, na aandike kwenye jalada jina la aliyepiga. Hetfield na Ulrich wanaweza kukaa naye chumbani safari hii. Jason naye aalikwe, akipenda kuja.